Escúcheme, kwa Heshima Zote

Bi Soga aliitwa kwa miezi mitatu. Mwezi wa kumi na moja ulimkuta bado yuko ghorofa ya tisa, pua kwenye kioo cha dirisha linalofunguka upana wa kiganja tu, akihesabu watu wa huko chini ambao hata mmoja hakumjua jina wala ubaya wake.

Na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yenyewe. Kwao Bi Soga alikuwa fundi cherehani wa barazani. Mtu alileta suruali ya kukunjwa upindo, kazi ya dakika tano, akaondoka baada ya saa tatu akiwa anajua nani kaposwa, nani kaachika na nani anajifanya hajaachika. Nyumba yake haikuwahi kuwa na kiti kitupu. Watu walikaa hadi juu ya ndoo zilizofudikizwa. Sasa mtu wa namna hiyo umtie kwenye nyumba ya vyumba viwili, ukutani saa inayogonga tik, tik, tik, na lugha ya humo ndani ni Kihispania kitupu. Si bora umtie kwenye tenga la kuku? Kuku angalau wanaelewana.

Aliyemwita ni binti yake, muuguzi, aliyeolewa huko na dereva wa lori la masafa marefu. "Mama, njoo unishike mkono nijifungue. Miezi mitatu tu, halafu nakurudisha mwenyewe." Tikiti ilikuwa ya kwenda na kurudi, na ya kurudi ilikuwa hai mwaka mmoja. Mtoto akazaliwa, wa kike, mashavu kama maandazi. Miezi mitatu ikapita. Likizo ya binti ikaisha. Tikiti ikasogezwa mbele. Ikasogezwa tena. Kila Bi Soga alipouliza, jibu lilikuwa moja: "Tutaongea, mama."

Ufunguo hakuwa nao. Funguo zilikuwa tatu, za binti, za mkwe na za mama mzazi wa mkwe. "Utapotea, mama," binti alisema, na kweli mara moja Bi Soga alijitosa hadi kwenye korido kutafuta watu. Taa ya korido ilikuwa ya kujizima yenyewe. Ilimwonyesha milango sita iliyofungwa, ikahesabu nusu dakika, ikamwachia giza. Mlango mmoja ukafunguka. Bi Soga akatabasamu meno yote. Jirani akasema "hola" na mlango ukajifunga kabla hola haijaisha.

Chumba kimoja alilala na huyo mama mzazi wa mkwe wake. Bi Soga alimpachika jina Bi Pasi, kwa sababu mwanamke yule alipiga pasi kila kilichokuwa na nyuzi: shuka, soksi, bibu za mtoto, hata kitambaa cha kufutia meza. Chumba kilikuwa chake kabla kitanda cha pili hakijaingizwa, na hakuacha mtu asahau. Alilala ameupa uso ukuta. Akiongea, aliongea na mtoto.

Kosa la kwanza lilifanyika siku ya pili baada ya Bi Soga kufika. Binti yake, kwa haraka ya kukimbilia kazini, alimwambia: "Mama, ukiulizwa chochote, sema *sí*, ndiyo, na utabasamu. Hutakosea na mtu." Basi Bi Soga, ambaye barazani kwake alikuwa na jibu la kila swali na swali la kila jibu, akawa mwanamke wa neno moja. Jirani kwenye lifti: sí. Daktari wa mtoto: sí. Mwezi wa tatu walikwenda ofisi ya wageni, karani akauliza jambo refu, binti akageuka, "Mama, sema sí," naye akasema sí na kutia saini, huku akimsifu karani kwa Kiswahili kwamba ana nywele nzuri.

Faraja yake ilikuwa bafuni. Huko alijifungia na kusikiliza sauti alizotumiwa na mdogo wake kwa simu, dakika nane nane, habari za mtaa mzima. Lakini habari zilifika zimelala. Mtu keshaposa, keshaoa, keshakosana na wakwe, ndipo Bi Soga anasikia. Na wiki ile sauti ikaja na sumu mwishoni: "Dada, usikasirike. Kuna fundi mwingine, dada mmoja mpole tu, ameomba aweke cherehani yake barazani mpaka urudi. Wateja wamemzoea. Halafu anajua kuongea, wee! Tunacheka!"

Bi Soga alikaa juu ya kifuniko cha choo, akausikiliza ujumbe mara tatu. Anajua kuongea. Wanacheka. Barazani kwake!

Jioni alimngoja binti mlangoni. "Mwanangu, nisikilize. Tikiti yangu imebaki siku kumi na sita."

"Mama, nimesimama kwa saa kumi na mbili nzima. Tutaongea."

"Lini?"

"Jumanne ijayo tuna miadi ofisini, ya kusaini tu, mambo ya kawaida. Baada ya hapo tutaongea." Akajitupa kwenye kochi, akalala na viatu.

Bi Soga alimvua viatu. Miguu ilikuwa imevimba kama mikate. Akamwonea huruma, halafu akaona hasira. Ndipo alipotambua jambo: katika nyumba ile Kiswahili chake kilikuwa na mtu mmoja tu wa kukipokea, na mtu huyo alishakizoea kama redio ya jikoni. Inaongea, naam, iache iongee.

Kesho yake, mtoto amelala, Bi Pasi yuko kwenye meza yake ya pasi, Bi Soga akavuta kiti. Kulikuwa na neno lililokuwa likimwasha muda mrefu. Mkwe wake alilianzia kila sentensi kwenye simu. Bi Pasi alimwambia mtoto neno hilo hilo huku ameinua kidole, paa la juu likigongwa na mvua au lifti ikinguruma. Bi Soga akagusa sikio lake.

"*Escucha*?" akauliza.

Bi Pasi akasimamisha pasi hewani. Miezi kumi na moja, na hili ndilo neno la kwanza kutoka kwa mgeni wake lisilokuwa sí.

"*Escucha*," akakubali, polepole, akagusa sikio lake pia. Kisha akainua kidole, akangoja. Mabomba ya maji ukutani yakalia, kwe, kwe, kwe. "*Escucho*," akasema, akijigonga kifua. Akamwelekeza Bi Soga: "*Escuchas*."

Aa. Nasikiliza. Unasikiliza. Bi Soga akapiga paja. Kumbe neno lina mkia, unaukata kulingana na mtu, kama upindo wa gauni!

Kuanzia hapo kila mchana, mtoto akilala, ilikuwa darasa. Bi Pasi alinyoosha maneno kama alivyonyoosha nguo: likipinda, anarudia, likipinda, anarudia, bila hasira na bila huruma. Bi Soga alijifunza kwamba kuna *oír*, ambalo ni kusikia tu, sikio likiwa wazi, na kuna *escuchar*, ambalo ni lazima utie nia. Hilo halikumpa shida hata kidogo. Kwao pia kusikia na kusikiliza ni watu wawili tofauti. Alijifunza kulikanusha: *no escucha*, hasikilizi. Hili alilipenda mno. Mkwe wake akiwa ameshika simu mezani na mkewe anamwuliza kitu, Bi Soga alimnong'oneza Bi Pasi, "*No escucha*," na Bi Pasi, ambaye mwanamume huyo ni mwanawe wa kumzaa, akacheka hadi akaweka kijiko chini.

Kilichomtatiza ni kimoja. Alisema *escucho la radio*, Bi Pasi akaitikia. Alisema *escucho mi nieta*, namsikiliza mjukuu wangu, Bi Pasi akatikisa kichwa. "*Escucho A mi nieta*." Akaonyesha redio: hapana, hakuna *a*. Akaonyesha mtoto: *a*. Akajionyesha mwenyewe: *a*. Bi Soga akafikiri, kisha akaelewa kwa njia yake: mtu anapewa kigoda, redio inasimama.

"Lugha hii ina adabu," akamwambia Bi Pasi kwa Kiswahili. Bi Pasi akasema, "*Sí*," na kuendelea na soksi.

Siku ya nne Bi Pasi akashusha kalenda ukutani. Alitaka kuuliza jambo lake mwenyewe, na ilionekana alilibeba siku nyingi. Akamwonyesha Bi Soga kitanda, akaonyesha chumba, akafunua kurasa za kalenda moja baada ya nyingine hadi ya mwisho. "*¿Tú, aquí, siempre?*" Wewe, hapa, daima?

"*Sí*," akajibu Bi Soga na kutabasamu, mdomo ukitangulia akili.

Bi Pasi akafunga kalenda pa! Akageukia meza yake, mgongo umekuwa ubao.

Ndipo Bi Soga akakumbuka. Swali lile alishaulizwa. Wiki ya kwanza kabisa, kwa mikono ile ile, na chumba kile kile. Alisema sí. Mwezi wa tano, jikoni, sí. Mama wa watu kaambiwa na mdomo wangu mwenyewe, tena mara mbili, kwamba nimekuja kumkalia chumba chake maisha! Ningalikuwa mimi, si kulala nimeupa uso ukuta. Ningalikuwa mimi, ningaliimba taarabu.

"*Escucha*," akasema. "*Escucha*, dada." Akapiga magoti, akavuta sanduku lake kutoka mvunguni, akalifungua. Nguo zilikuwa zimekunjwa humo, hazikupangwa kabatini tangu siku ya kwanza. Akafanya mkono wake ndege, akaupitisha juu ya pasi, juu ya pazia, ukatoka dirishani kwenye ule upenyo wa kiganja. "Mimi. Kwetu. *No siempre*. *No*!"

Bi Pasi akamtazama, akalitazama sanduku. Kisha akaenda jikoni kwa hatua za haraka, akarudi na karatasi iliyokuwa imebandikwa kwenye friji. Barua ya miadi ya Jumanne. Bi Soga hakujua kuisoma, lakini jina lake alilijua, na tarakimu ni tarakimu popote. Tarehe ya kuanza: wiki ijayo. Tarehe ya kwisha: mwaka mzima mbele.

Mambo ya kawaida. Ya kusaini tu.

Wakakaa vitandani mwao, wakitazamana. Wanawake wawili watu wazima, mmoja anataka kutoka, mwingine anataka atoke. Haijapata kuonekana kamati iliyokubaliana haraka namna ile.

Siku chache zilizobaki hazikuwa za mchezo. Bi Pasi alisimamisha meza ya pasi katikati ya chumba, akajiweka upande wa pili kama karani wa dirishani, miwani puani. Kwa mtoto na kwa mtu wa kwenu, *escúchame*, nisikilize. Lakini kwa karani, akainua kidole, *escúcheme*. Bi Soga akaelewa mara moja. Ni ile ile shikamoo ya kumwamkia mkubwa, imehamia mkiani. Halafu: *no quiero quedarme*, sitaki kubaki. Halafu: *quiero volver a mi casa*, nataka kurudi kwangu. Alirudia akikosha chupa za mtoto. Alirudia bafuni. Mara moja aliota anamwambia yule fundi mpya, mpole, anayejua kuongea.

Jumanne ikafika. Binti aliomba ruhusa ya nusu siku, akavaa koti jeusi, akashika bahasha yenye pasipoti na tikiti za mama yake. Bi Pasi alibaki na mtoto. Mlangoni akamnyoosha Bi Soga kola, akaipapasa kwa kiganja kama pasi, akasema neno moja tu, bila kutabasamu: "*Escúcheme*."

Ofisi ilikuwa ya viti vilivyofungwa pamoja kwa chuma na namba nyekundu juu ya ukuta. Watu waliketi kimya, kila mmoja na bahasha yake. Bi Soga, aliyezoea kumtoa mgeni jina na ukoo kabla hajakaa, hakumsemesha mtu. Alirudia tu maneno ya Bi Pasi kimoyomoyo.

Namba yao ikaitwa. Karani alikuwa mama wa makamo, kalamu mbili zimechomekwa kwenye nywele. Binti akaanza. Aliongea vizuri, haraka haraka, na Bi Soga akaokota vipande: mama yangu, mjukuu, mwaka. Karani akageuza fomu, akauliza jambo huku akimtazama Bi Soga.

"Mama, sema sí."

Bi Soga akashika kingo za kaunta kwa mikono miwili.

"*Escúcheme, señora*," akasema.

Kalamu ya karani ikasimama.

"Mama, unafanya nini?" Binti akacheka kidogo, cheko la kufunika, akaanza kueleza. Karani akamwinulia kiganja: ngoja. Akaegemea mbele hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"*La escucho*," akasema. Nakusikiliza.

La. Si *te*, ile ya kumwambia mtoto. Bi Soga alilisikia lile *la* la heshima, akajua amepewa kigoda. Mwanamke huyu wa serikali, ambaye nyuma yake kuna foleni ya watu arobaini, ameacha kazi kumsikiliza yeye. Akafungua mdomo.

Hakikutoka kitu. Maneno yote mengine ya wiki nzima yalikuwa yametawanyika kama kopo la vifungo lililoanguka sakafuni. *Quiero*... nini? *Casa*... wapi? Machozi yakamlenga. Karani alingoja. Binti akamshika kiwiko, "Twende mama, umechoka," na Bi Soga akaona mlango unajifunga, ule ule wa korido, hola haijaisha.

Lakini karani hakuchukua fomu. Alimwuliza binti swali moja fupi, lugha gani, na binti, kwa kuchelewa, akajibu. Karani akabonyeza namba kwenye simu yake, akaweka spika. Ikalia, ikalia. Kisha katika kile chumba cha viti vya chuma ikatoka sauti ya kijana, safi kama maji:

"Shikamoo, mama. Mimi ni mkalimani. Nakusikiliza."

"Marahaba!" Bi Soga alipiga ukelele, watu wakageuka. "Marahaba mwanangu, marahaba baba! Hujambo? Nyumbani hawajambo? Wewe mtoto wa nani? Uko wapi hapo ulipo, mbona sauti kama—"

"Mama, hayo siruhusiwi. Na dakika zetu ni chache. Ofisa anauliza, ulitaka kusema nini?"

Bi Soga akaisogelea spika. "Mwambie sitaki kubaki. Tikiti yangu ni ya Alhamisi ijayo. Nataka kwenda kwangu."

Kijana akatafsiri. Karani akaandika, kisha akauliza tena, safari hii bila kumwangalia binti, na sauti ya kijana ikabadilika, ikawa ya tahadhari. "Mama, ofisa anauliza: pasipoti yako anakaa nayo nani? Kuna mtu amekuzuia kuondoka? Jibu kwa uhuru. Kama yupo, ofisa anaweza kukusaidia leo hii."

Binti alikuwa ameganda. Aliikumbatia bahasha kifuani. Bi Soga alimtazama pembeni. Anayo, mwambie. Kanifungia, mwambie. Ni kweli, na ni neno moja tu, na kuna mtu hapa wa kulisikiliza. Akaiona ile miguu iliyovimba. Akaona pia ile tarehe kwenye friji, na huruma yake ikakataa kuwa kubwa kama alivyozoea.

"Pasipoti anayo binti yangu," akasema polepole. "Mwambie sikufungwa kamba. Mtoto wangu ana mikono miwili na kazi za mikono sita. Alishindwa kuniomba, akaniweka. Na mimi nilisema sí ovyo ovyo. Hilo ni letu, tutalimaliza wenyewe. Lakini leo nataka pasipoti yangu niishike mwenyewe, hapa, mbele ya huyu mama."

Kijana akayapeleka maneno upande wa pili, yote, Bi Soga alihesabu. Karani akamtazama binti. Binti akafungua bahasha, akaitoa ile pasipoti, akaiweka kwenye kiganja cha mama yake bila kuinua macho. Muhuri ukagongwa kwenye fomu nyingine, fupi.

Wakarudi nyumbani. Ndani ya lifti, kati ya ghorofa ya nne na ya tano, binti akasema, meno yamekazana, "Umeniaibisha." Bi Pasi alifungua mlango, akawatazama nyuso, akamchukua mtoto na kuingia naye chumbani.

Jikoni binti hakukaa. "Unajua ingekuwaje ungesema vingine? Unajua? Kazi yangu, karatasi zangu, kila kitu!"

"Sema, mwanangu. Nakusikiliza."

"Hunisikilizi! Unafikiri sikutamani kukuambia? Nikuambie nini? Kwamba mume wangu yuko barabarani siku tano kwa wiki? Kwamba mama yake mgongo umekwisha, kumnyanyua mtoto hawezi, nawe unamwona amenyooka kwa sababu ya kiburi? Shule ya watoto imejaa mpaka mwakani. Nikikosa zamu tatu naachishwa. Kila nikirudi nakukuta umesimama mlangoni unaniangalia kama mfungwa, na mimi ndiye askari. Mimi, mama! Nilikuwa nalala na viatu ili usianze kuongea."

Akaongea. Bi Soga alivuta kiti, akaweka mikono mapajani, akafanya jambo ambalo barazani kwake hakuna aliyewahi kumwona akilifanya: hakukatiza. Hakusema "hata mimi". Hakuleta kisa cha jirani. Yalitoka ya usiku wa kujifungua, ya mgonjwa aliyefia mikononi mwake wiki iliyopita, ya kuchekwa lafudhi kazini, ya miaka sita ya kulia bafuni, bafuni mle mle. Saa ya ukutani ikagonga, hakuna aliyeigeukia. Maji ya chai yalichemka, yakakauka, sufuria ikaanza kunuka, binti mwenyewe akazima jiko na kuendelea.

Alipokwisha, alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye friji. Chini ya jicho moja wanja ulikuwa umeshuka hadi shavuni.

"Basi?" Bi Soga akauliza.

"Basi."

"Nimesikiliza yote. Hakuna hata moja la uongo." Akamfuta lile shavu kwa ncha ya kanga yake. "Na Alhamisi naondoka."

Binti alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona siku ile. Chumbani mtoto alicheka, kisha ikasikika sauti ya meza ya pasi ikikunjuliwa.

"Ndege yako ni saa ngapi?" binti akauliza mwishowe.

"Unaniuliza mimi? Tikiti si iko kwenye hiyo bahasha uliyoikalia."